Miguu ya Mzee Chenge

Walipokwisha kupita Igoma ndipo Kokila alipothubutu kufungua macho. Tangu mjini alikuwa ameyafumba, uso kauficha ndani ya kofia ngumu ya pikipiki, mikono kaizungusha kiunoni mwa Mhoja, na kila gari lililowapita aliliona kuwa ni la kaka yake. Lori la pamba lilikuwa la kaka yake. Trekta nalo lilikuwa la kaka yake.

“Umelala?” Mhoja aliuliza akigeuza shingo.

“Angalia mbele.”

“Nimeuliza tu.”

“Nimekufa. Maiti haulizwi. Angalia mbele.”

Mhoja akacheka. Kokila alikisikia kicheko kile kifuani mwake kabla hakijafika masikioni, kwa jinsi alivyokuwa amejibandika kwenye mgongo wa yule kijana. Siku nyingine angefurahi. Leo alimbana zaidi, kama mtu aliyeshika gogo katikati ya ziwa.

Mhoja Chenge alikuwa fundi wa mafriji. Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, mafriji yaliyochoka Ulaya yalikuwa yakishushwa Mwanza kama viazi, na hakuna duka lililokosa moja la kunguruma pembeni. La Mzee Jamnadas, baba yake Kokila, pale mtaa wa Rufiji, lilikuwa na ugonjwa wake. Fundi akija linapona. Fundi akikaa siku nyingi bila kuja, linazima. Mzee Jamnadas aliwalaani Wazungu waliolitengeneza, akalaani umeme wa Mwanza, akamwita fundi tena. Kokila peke yake ndiye aliyeujua ule ugonjwa, maana ni yeye aliyekuwa akiuchomoa waya.

Basi wakatazamana juu ya friji lile kwa miaka. Yeye nyuma ya kaunta, Mhoja chini sakafuni na bisibisi, na baba katikati anapiga hesabu za sukari. Waliongea kwa macho mpaka wakachoka, wakaanza kuongea kwa mdomo.

Sasa tiketi ya ndege ilikuwa kabatini kwa mama yake. Kule Rajkot, India, kulikuwa na mwanamume mwenye kiwanda cha misumari, aliyefiwa na mke. Alikuwa ameiona picha ya Kokila akaridhika. Hakuna aliyemuuliza Kokila kama naye ameridhika na picha ya mwenye misumari. Safari ilikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi, na mama yake alijua bintiye yuko Pasiansi kwa rafiki anapakwa hina.

“Nitakupeleka kwa baba,” Mhoja alikuwa amemwambia. “Mimi siwezi kuoa kwa kupitia dirishani. Baba akisema huyu ni mkwe wangu, wazee wa ukoo watakwenda dukani kwenu mchana kweupe, wakae kitako, waseme na baba yako. Hapo hata wakinipiga, nitapigwa nikiwa na watu nyuma yangu.”

“Na asiposema?”

 Swali lile Kokila alikuwa amelijibu mwenyewe wiki nzima, kitandani, macho kwenye feni.

*

Nyumba ya Mzee Chenge ilikuwa nje kidogo ya Kisesa, ya bati, imezungukwa na ua wa minyaa, na zizi kubwa la ng'ombe upande wa chini. Kokila alivua kofia, akazitengeneza nywele kwa vidole. 

Mama yake Mhoja, Kija, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Nyuma yake akaja dada yake Mhoja, Tereza, msichana mrefu mwenye macho ya kutafuta kitu cha kuchekea.

“Shikamoo mama,” Kokila alisema. Kisha, kama Mhoja alivyomfundisha wiki ile nzima: “Mwadila.”

“Marahaba, mwadila sana, mwanangu. Kumbe Kisukuma unakijua.” Mama Kija akamshika mikono, akamgeuza kama mtu anayekagua kitenge. “Mbona mwembamba hivi? Mhoja, huyu kwao hawali?”

“Wanakula, mama.”

“Wanakula nini?”

Tereza alikuwa amekwisha kuzifikia nywele. “Wifi, hizi ni zako?”

“Za kwangu.”

“Zote?”

“Zote.”

“Haya. Sisi tutasuka nini sasa.” Akazipima kwa kiganja. “Mama anasema Mhindi hali cha watu, anatembea na chakula chake kwenye kopo.”

“Nilisema lini mimi?” Mama Kija alikana.

Kokila akausogeza mkoba wake nyuma ya miguu taratibu. Ndani kulikuwa na kopo.

Wakamketisha sebuleni. Akaletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanywa, na kwa kuwa aliyapenda kweli akaomba tena. Hilo lilimpa Mama Kija furaha kuliko salamu zote. Mhoja alikaa upande wa pili, mikono katikati ya magoti, akimtazama Kokila kwa mtazamo ule wa dukani, unaosema maneno mengi na hauna pa kuyaweka. Kokila aliyapokea macho yale, akashusha pumzi. Labda. Labda itakuwa hivi hivi, maziwa na maneno.

Hapo kivuli kikaingia mlangoni.

Mzee Chenge alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti juu ya shuka, fimbo mkononi. Alikuwa ametoka zizini kwa mlango wa nyuma, hakujua kama wageni wamekwisha kuketishwa ndani. Alisimama pale pale.  Kokila hakuona uso wake vizuri, maana mwanga ulikuwa nyuma yake. Aliona ukubwa tu, na ukimya.

Hofu yote ya njiani ikamrudia. Akakumbuka maneno ya bibi yake: ukimwogopa mkubwa, mkimbilie miguuni, hakuna anayempiga mtu aliye miguuni pake. Kwao hivyo ndivyo mtoto anavyomwamkia mzazi, ndivyo bibi harusi anavyoingia nyumba mpya, ndivyo hata kaka yake mwenye kiburi alivyomfanyia baba yao asubuhi ya sikukuu. Hakuna heshima inayoizidi hiyo.

Akainuka. Mhoja alimwona, akadhani anakwenda kupiga goti kwa mbali. Alipoelewa, Kokila alikuwa amekwisha kumpita, ameinama, na viganja vyake viwili vimetua juu ya miguu ya Mzee Chenge, barabara, kisha akavipeleka kwenye paji la uso.

Mzee aliruka kama aliyekanyaga nyoka.

“Mayu,” alisema, akimwita mama yake aliyekufa zamani. Alirudi kinyumenyume, akagonga kinu, kinu kikaanguka, fimbo ikamtoka. Akageuka, akatoka mbio. Mzee yule, na magoti yale, alitoka mbio uani mpaka zizini.

 Tereza alikuwa ameweka mikono kichwani. Mama Kija alikaa chini pale pale aliposimama. Maziwa ya kibuyu kilichopinduka yalikuwa yakitambaa sakafuni.

“Nimefanya nini?” Kokila aliuliza.

“Umemshika,” Mhoja alisema. Sauti yake haikuwa ya kwake.

“Nimemwamkia. Nimemheshimu.”

“Umemshika baba mkwe.”

“Ndiyo. Sasa?”

“Hashikwi.” Mhoja alikuja akachuchumaa karibu yake, akaongea chinichini. “Mkamwana na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mikono. Mkamwana hakai kwenye kiti cha mkwewe. Wakikutana njia nyembamba mmoja anaingia porini. Mama mpaka babu anakufa hakumpa kitu mkononi, alikuwa anaweka chini, babu anaokota.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje?”

“Kwa mdomo, Mhoja. Umenifundisha mwadila, umenifundisha kula ugali, umenifundisha jina la ng'ombe dume. Hili ukaliacha.”

“Hili hakuna mtu anayefundishwa. Wewe kuna aliyekufundisha usitie mkono motoni?”

“Mama yangu.”

Mhoja akakiinua kinu kilichoanguka.

“Kuna mama mmoja Usagara,” Tereza alianza, macho yametoka, “aliteleza siku ya mvua akamwangukia baba mkwe wake kifuani. Hata hakukusudia. Yule mzee mikono ikaanza kutetemeka, ikatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni, mpaka—”

“Tereza, nenda kalete majivu,” mama yake akasema.

*

Kutoka dirishani Kokila aliweza kumwona. Mzee Chenge alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya zizi, akiisugua miguu kwa majivu na maji, mguu huu, mguu huu. Mara anaacha, ananyoosha mikono mbele yake na kuitazama. Hata kwa mbali ile mikono ilionekana inatikisika. Kokila alijiambia ni uzee. Akajiambia ni kwa sababu ya kukimbia. Lakini kwao nako kulikuwa na mambo ambayo hayasemwi kuwa ni uzee, na alijua hofu ya mtu mzima akiiona.

Mama Kija alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa mumewe. Upepo ulikuwa wa kutoka zizini, ukayaleta maneno yote ndani.

“Ingia ndani, mzee.”

“Siingii.”

“Majirani wanaangalia.”

“Waangalie. Miguu inawaka moto, Kija.”

“Ni jua.”

“Jua lipo tangu asubuhi. Asubuhi ilikuwa haiwaki.”

Mama Kija akasogea hatua moja. Halafu akashusha sauti, lakini upepo haukumsaidia.

“Sikiliza, baba Mhoja. Mpaka sasa wewe hujasema neno. Hakuna mshenga aliyetumwa, hakuna ng'ombe aliyetoka zizini. Mke wa huyo mwenye duka la chumvi pale madukani, Mhindi yule, si mnapeana mikono?”

“Tunapeana.”

“Umekufa?”

“Mbona niko hapa.”

“Basi. Na huyu ni hivyo hivyo. Sema ni mgeni. Mgeni wa Mhoja kutoka mjini, amekuja kuona ng'ombe. Mgeni akikushika mguu hakuna kitu, ni vumbi tu. Ukisema mkwe, hapo ndipo mambo yanakuwa mambo. Itabidi mbuzi wa kukutakasa, itabidi uwaite wazee, itabidi ulale nje ya nyumba hii mpaka wamalize, na bado hujui kama hicho kitu kitakuacha. Sema mgeni, mume wangu. Neno moja. Unawe, uje ule.”

Mzee Chenge akachota majivu mengine. Aliendelea kusugua.

Kokila akageuka kutoka dirishani. Mhoja alikuwa nyuma yake, amesikia yote.

“Huenda ni vizuri,” Mhoja alisema bila kumtazama. “Aseme mgeni kwa leo. Atulie. Tutarudi siku nyingine tuanze upya, safari hii utajua.”

“Siku gani? Jumatatu nitakuwa angani.”

“Kokila.”

“Akisema mgeni, mgeni anarudi kwao jioni. Ndiyo maana yake. Nikirudi leo, hunioni tena. Nakwenda kuhesabu misumari Rajkot.”

“Yule ni baba yangu. Umeona anavyotetemeka?”

“Nimeona.” Akanyoosha mkono wake mbele ya macho ya Mhoja. “Na huu umeuona?”

Vidole vyake vilikuwa vinacheza kama majani. Mhoja aliutazama ule mkono. Akaushika, akaubana katikati ya viganja vyake vyenye makovu ya mabomba ya moto, na Kokila akagundua kwamba hata yeye anatetemeka, kwa hiyo walisimama pale wakitetemeshana, hakuna wa kumtuliza mwenziwe.

“Ningekuwa fundi wa watu,” Mhoja alinong'ona, “ningejua pa kukaza.”

Kokila alitaka kucheka. Badala yake alisikia gari.

Aliufahamu mlio ule kabla halijakata kona. Peugeot ya duka, pikapu nyeupe, yenye gia ya pili inayolia. Njia nzima alikuwa amelitafuta gari hilo katika kila gari, na sasa lilikuwa lenyewe, linaingia kwenye minyaa.

*

Kaka yake, Kirit, alishuka peke yake. Alikuwa amevaa shati la dukani, kalamu bado mfukoni, na uso wake ulikuwa umejaa jasho. Alimwona Mzee Chenge kwanza.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Samahani kwa kuingia hivi. Natafuta dada yangu.”

Kokila akatoka barazani. Mhoja akatoka naye, akasimama pembeni yake, si mbele wala nyuma.

“Nimejuaje, unataka kuniuliza?” Kirit alisema kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, haraka haraka. “Mtu wa kituo cha mafuta amenipigia simu, akasema mmeelekea huku kwa baba yake fundi. Kichwani umevaa kofia ya pikipiki, miguuni umevaa champali za mama zenye shanga. Mwanza nzima inazijua champali hizo.”

“Kiritbhai.”

“Ngoja. Baba, Bapuji wetu, hajui. Anajua uko Pasiansi na mimi nimekwenda kukuchukua. Panda gari. Ukiulizwa, ulikuja kuangalia ng'ombe. Sema ulikuwa mgeni, umekaribishwa maziwa, umerudi. Basi, imekwisha, sitakitaja kitu hiki mpaka nife.”

“Na nisipopanda?”

Kirit alijifuta uso. Kokila alikuwa amejiandaa kwa hasira, akashangaa kuona hakuna hasira pale. Kaka yake alikuwa anaogopa.

“Unajua atafanya nini,” Kirit alisema. “Hatapiga mtu. Atafunga duka, akae kwenye kiti chake, asile. Kama alivyofanya shangazi alipoolewa nje. Mpaka leo nyumbani jina la shangazi halitajwi, sura yake imekatwa kwenye picha, umebaki mkono wake begani kwa mama. Unataka nikukate hivyo? Mimi ndiye nitakayepewa mkasi, Kokila.”

Hapo Kokila nusura ashuke barazani. Mguu ulikwisha kunyanyuka. Alimwona mama yake akiuangalia ule mkono usio na mwenyewe kwenye picha ukutani, kila jioni akipangusa vumbi.

Kirit akauona ule mguu. Akageuka upesi kwa mzee, akahamia Kiswahili.

“Mzee, mimi sikuja kwa ugomvi. Huyu fundi namfahamu, nimemfungulia mlango wa duka letu mara nyingi, sikujua namfungulia nini. Hayo tuyaache. Nakuuliza wewe mtu mzima. Huyu binti hapa kwako ni nani? Ni mgeni?”

“Mgeni,” Mama Kija alijibu.

“Samahani mama, nimemuuliza mzee.”

Mzee Chenge alikuwa bado juu ya jiwe lake, miguu imekuwa myeupe kwa majivu. Hakumtazama Kokila. Alimtazama mkewe, aliyekuwa akimwomba kwa macho. Alimtazama mwanawe. Mhoja alifungua mdomo, na Kokila alijua anataka kusema mgeni, amwokoe baba yake. Mdomo ukafungwa. 

“Kijana,” mzee alisema, “baba yako ni yule mwenye duka lenye mzani mkubwa, Rufiji?”

“Ndiye.”

“Nilinunua kwake baiskeli. Alinipa mkono. Mama yako alinirudishia chenji, akaniwekea hapa kiganjani, vidole vyake nikavisikia. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.” Akaitazama mikono yake. “Leo nimekimbia. Umri huu. Nimepiga kinu, nimetupa fimbo, majirani wamenicheka. Mtu hamkimbii mgeni.”

“Baba Mhoja,” Mama Kija alisema.

“Niache niseme. Unataka niseme mgeni ili nisife. Lakini miguu ilikimbia kabla sijaiambia. Ilijua ni nani aliyeishika.” Akainua kidevu kuelekea barazani, macho kayapeleka pembeni, kwenye bati. “Huyo ni mkwe wangu. Tereza, fungua mbuzi yule wa madoa.”

Mama Kija akaiweka kanga mdomoni. Hakulia, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyeshindwa kesi.

“Umesikia?” Kirit alimrukia dada yake kwa Kigujarati. “Umesikia anachosema? Mkanushe. Mwambie wewe ni mgeni. Neno moja, Kokila, twende nyumbani.”

  Kokila alimwona mzee anainuka kutoka kwenye jiwe, anajikongoja kulivuka ua kuelekea upande wao kumfungua yeye mwenyewe yule mbuzi, maana Tereza alikuwa bado ameduwaa, na mikono ya Kokila ikafanya kitu ambacho hakuipangia. Ilichukua mtandio uliokuwa begani, ikauvuta juu ya nywele, ikaushusha mbele ya uso mpaka kidevuni. Akageuka ubavu, akasimama hivyo.

Tereza akauliza, “Anaumwa?”

Kirit alikuwa amesimama mdomo wazi. Utoto wake wote alikuwa ameliona jambo lile. Babu yao mzaa baba alipokuwa hai, kila alipoingia dukani, mama yao alishusha sari usoni namna hiyo hiyo, akageuka ubavu namna hiyo hiyo, na kama ana jambo la kumwambia mkwewe alimtuma mtoto. Yeye Kirit ndiye aliyekuwa anatumwa. Mwanamke hafanyi hivyo kwa mzee wa barabarani, wala kwa rafiki wa baba, wala kwa mwenyeji aliyempa maziwa. Anafanya kwa mtu mmoja tu duniani.

“Funua uso,” Kirit alisema. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

“Siwezi,” Kokila alijibu ndani ya kitambaa. “Baba mkwe yupo.”

Kupitia mtandio dunia ilikuwa imekuwa ya rangi ya chungwa na ukungu. Aliona kivuli cha kaka yake kikikaa kwenye ngazi ya baraza, taratibu, kama mzee.

“Anafanya nini, mwanangu?” Mama Kija alimuuliza Kirit.

“Kwetu,” Kirit alisema, “mke anajifunika baba wa mumewe akiwa karibu. Hamwonyeshi uso.”

“Kumbe na nyinyi mnajua.”

“Tunajua.”

“Sasa mbona alimshika?”

“Kwanza mtu anashika miguu, mama. Ndiyo heshima.” Akatikisa kichwa, na Kokila akasikia kitu kinachofanana na kicheko, kikakatika njiani. “Halafu ndiyo anajifunika.”

“Mngeanza na kujifunika,” Mama Kija alisema.

Kirit akainuka. Alisimama karibu na dada yake, bila kumgusa.

“Siwezi kumdanganya Bapuji mpaka Jumatatu,” alimwambia kwa lugha yao. “Nitamwambia leo. Atakuja kesho, na hatakuja peke yake, atakuja na wajomba. Sijui watakuja kufanya nini. Na mimi nitakuwa nao, ujue hivyo. Nitakaa upande wao.”

“Najua.”

“Ukibadili mawazo kabla ya giza, mwambie fundi wako akulete. Nitaacha mlango wa nyuma wazi.”

Hakusubiri jibu. Alipofika kwenye gari akamrudia Mama Kija kwa Kiswahili, kana kwamba alikuwa amesahau mzigo: “Hali nyama. Wala yai. Msimlazimishe.”

“Ana kopo,” Tereza alisema. “Nimeliona.”

Gia ya pili ililia njia nzima mpaka barabara kubwa, kisha ikapotea. Kokila aliisikiliza mpaka mwisho. Njiani aliomba lile gari lisije. Sasa alihisi kama boti imeondoka, naye ameachwa kisiwani na watu aliowafahamu saa hii hii. Hata Mhoja, aliyesimama karibu kiasi cha kusikia joto lake, kwa dakika ile alikuwa mgeni kwake. Akamtafuta kwa mkono chini ya mtandio. Akamkuta.

Mzee Chenge alikuwa amemfunga mbuzi kwenye mti wa uzio. Alirudi zizini, akasimama kwa mbali, amewapa mgongo, maana ndani haingii tena mpaka wazee waje. Mama Kija alikuwa katikati ya ua, asijue aende upande gani.

“Mama Mhoja,” mzee aliita bila kugeuka. “Muulize mkwe wako. Baba yake ni mkali?”

Mama Kija akageukia baraza. “Anauliza, baba yako ni mkali?”

“Mwambie ni mkali,” Kokila alisema.

“Anasema ni mkali.”

 Ng'ombe mmoja alipiga kwato. Mzee aliificha mikono kwapani, ndani ya koti, mtu asiione.

“Na yeye anaogopa?”

“Anauliza, unaogopa?”

“Mwambie naogopa sana.”

Mama Kija alipeleka jibu lile, na safari hii hakulipaza. Alimwendea mumewe karibu, akamwambia kama mtu anayempa mgonjwa maji. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha yeye mwenyewe akapaza sauti, bado amewapa mgongo, akiwaambia ng'ombe.

“Mwambie hata mimi.”